Miaka Niliyokuza Ngozi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya kukuza ngozi, hapa Toronto, mkuu wa maabara hakunipa kazi yoyote. Alinikalisha mbele ya hadubini akasema, "Rehema, tazama tu mpaka uone seli moja ikigawanyika." Nilikuwa nimetoka Dodoma na cheti changu cha ufundi wa maabara, nikadhani ananidharau. Nikatazama hadi macho yakauma. Hatimaye seli moja ikajiviringa, ikabanwa kiunoni, zikawa mbili. Nikacheka peke yangu.

Kazi ilikuwa hivi. Mtu akiungua sehemu kubwa ya mwili, daktari wa upasuaji alichukua kipande kidogo cha ngozi yake isiyoungua. Sisi tulizitenganisha seli, tukaziweka katika chupa bapa zenye majimaji ya kuzilisha, ndani ya kabati lenye joto la mwili. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili, ili kila pacha apate seti kamili. Huo ndio mgawanyiko uitwao mitosisi. Kwa njia hiyo mtoto hukua na kidonda hufunga. Baada ya wiki kadhaa tulipata utando mwembamba kama ule wa katikati ya maganda ya kitunguu.

Mgonjwa nisiyemsahau ni Furaha, kijana wa kike wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa akiishi mtaa wa Parkdale hapa Toronto. Sufuria ya supu ya moto ilimmwagikia katika kiwanda cha vyakula alikofanya kazi. Chupa zake zilikuwa zinaendelea vizuri, kisha asubuhi moja tukakuta ukungu umeingia.

"Tupa zote," alisema mkuu wa maabara.

"Na mgonjwa?"

"Tutaomba kipande kingine. Nenda wodini, unajua lugha yake. Mwambie ukweli."

Nilimkuta amefungwa bandeji kifuani na mikononi. Nikamweleza. Akauliza jambo lingine kabisa.

"Mama, nikizala, mutoto atatoka na hii makovu?"

Nikaelewa kwamba hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

"Hapana, mwanangu. Ngozi hugawanyika kivyake, na mayai yako ya uzazi yana mgawanyiko wake. Yai hubeba nusu ya kromosomu zako, na baba huleta nusu yake. Moto wa supu uligusa ngozi. Haukuandika kitu ndani ya mayai."

"Kweli, Mama?"

"Kweli."

Akageuza uso, akalia kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Basi bakate tena."

Safari ya pili seli zilikubali. Daktari wa upasuaji alitandika tando zetu juu ya vidonda, nazo zikashika, si zote, lakini nyingi. Makovu yalibaki. Furaha alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Sasa nimestaafu, nakaa Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto. Vijana huniuliza kama nilikuwa daktari. Hapana, nilikuwa mlishaji wa seli. Nilichojifunza ni kwamba uhai haukubali kuharakishwa. Kazi yako ni usafi, joto na subira.

Majira ya joto yaliyopita Furaha alinitembelea na binti yake. Mtoto alikuwa ameanguka na baiskeli, goti limechubuka. Akanionyesha, akauliza kwa Kiingereza kama ni mimi niliyetengeneza mkono wa mama yake.

"Aliutengeneza mwenyewe," nikamjibu kwa Kiswahili. "Kama wewe na hilo goti lako."

Furaha akamtafsiria. Mtoto akainama, akalitazama goti lake.