Kioo Kilichotazama Paa

Watu wa Mikumi wakitaka kukueleza Anselmi ni nani, hawaanzi na ukoo wake wala kanisa lake. Wanaanza na kona. "Yule wa teksi nyeupe," watakwambia, "yule anayekata kona kama anakata mkate." Sifa hiyo ni ya kweli, sikatai. Ubaya ni kwamba mwenyewe alikuwa ameshaisikia mara nyingi mno. Pale kijiweni, madereva wenzake walimvisha kilemba cha ukoka asubuhi na jioni, naye alikivaa hadi kulala.

Mengine yote alikuwa mtu wa kawaida, tena mwema. Hakulewa, hakumtukana abiria, na akipigiwa simu kumpeleka mgonjwa aliacha sahani mezani. Gari lake dogo la Kijapani alilipenda na kulifuta vumbi hata siku za mvua. Nalo lilimlisha yeye na mkewe, Editha.

Huyu Editha ni binti wa Lumuma, kule milimani, na ukoo wake ni wa wale ambao kwao mkwe huogopwa kuliko simba wa mbugani. Mama yake Editha anaitwa Yudith, ila jina hilo Anselmi hakupata kulitamka hata siku moja. Hakula mbele yake, hakumpa mkono, wala hakumtazama usoni. Alimwamkia kwa mbali, kichwa chini, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia "Marahaba" huku akitazama kuku. Na Anselmi akiwa na neno la kumwambia mama, lilipitia kwa Editha kwanza. Ndivyo walivyoheshimiana, na heshima hiyo iliwatosha wote wawili.

Lakini wazee waliotunga desturi hiyo hawakuwa na gari. Ndani ya gari kuna kile kioo kidogo cha mbele kinachomwonyesha dereva aliyekaa nyuma, na Anselmi alijiuliza atafanyaje asimwone mkwe uso kwa uso safari nzima. Akapata jibu. Siku ya kumbeba mama, alikisukuma kioo juu kikatazama paa. Habari zilipofika Lumuma, watu walisema Editha amepata mume mwenye adabu, na Anselmi akaiongeza sifa hiyo juu ya ile ya kona.

Safari yenyewe ilikuwa ya furaha. Editha alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama alishuka kutoka mlimani kuja kumsaidia. Anselmi alimpokea Kilosa. Alifuatana na Elia, mdogo wake Editha, kwa sababu haikufaa mkwe na mkwe wawe peke yao garini. Elia alikaa mbele, na hawajatoka Kilosa vizuri akalala usingizi mzito. Mama alikaa nyuma, kimya, amejifunika kanga.

Walipokipita kijiji cha Ulaya, kona zikafuatana. Springi za gari lile zilikuwa zimechoka, na kila kona lililalia ubavu, likainuka, likalalia ubavu wa pili. Anselmi hakupunguza mwendo. Kwa nini apunguze? Alitaka mama aone bintiye ameolewa na nani. Alizikata kona zile moja baada ya nyingine, mikono taratibu, mguu mzito kwenye mafuta, na kwa ule ukimya wa nyuma alijua moyoni kwamba mama ameridhika.

Mikumi, mama alishuka amekunja kanga moja kwapani, akaenda moja kwa moja uani bila kusalimia mtu. Anselmi aliiona ile kanga. Akadhani ni zawadi ya mtoto.

Baadaye Editha alimwita kando ya karo. "Unajua mama alikuwa anafua nini?"

"Sijui. Nguo za mtoto?"

"Alitapika, Anselmi. Kuanzia Ulaya mpaka hapa. Alitapikia kanga yake, akaikunja, akaipakata ili asikuchafulie gari."

"Mbona hakusema?"

"Amwambie nani? Elia amelala. Akwambie wewe?"

Anselmi aliinamisha kichwa. Mwanamke wa umri ule, mama wa mke wake, aliugua hatua chache nyuma ya kisogo chake, akameza na kutapika na kumeza tena, naye mbele anapiga mluzi. Ndiyo, alikuwa anapiga mluzi. Alikumbuka hata wimbo. Kwa aibu, siku kadhaa hakuweza kupita karibu na ile kamba ya kuanikia nguo.

Mama alirudi kwao kwa basi. Akasema hana neno na mtu, ila gari la mkwe hatalipanda tena, asije akalichafua.

Hapo ndipo shida ilipokuja. Mtoto alikuwa amepewa jina la bibi yake. Anselmi, kwa kuwa hawezi kulitaja jina lile, alimwita binti yake "Mama" tu. Siku ya ubatizo ilipopangwa, Editha aliapa kwamba mtoto hatamwagiwa maji kama somo wake hayupo kumpakata. Na ubatizo ni Jumapili, ibada ya asubuhi. Gari la Lumuma lingemfikisha mama Kilosa Jumamosi usiku, na asubuhi yake hakuna basi la Kilosa litakalowahi Mikumi. Bila teksi ya Anselmi hakuna bibi, na bila bibi hakuna ubatizo.

Wewe unayesoma umeshaijua dawa. Hata Anselmi aliijua, naapa. Dawa ilikuwa mguuni mwake, juu ya pedali. Lakini aibu ikimpata mtu mwenye kiburi hatafuti kujirekebisha, hutafuta fundi.

Akaenda kwa fundi Evance, mwenye gereji yake pale pembeni ya barabara ya Iringa. Akamweleza kwamba gari linayumba mno kwenye kona, anataka lisiyumbe. Wakakubaliana: springi fupi na ngumu, shokapu mpya, ule mti wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia uwekwe mnene zaidi, na matairi mapana. Gari litakaa chini na litashika barabara.

Fundi alimwuliza swali moja tu. "Kaka, unataka abiria akae raha, au unataka gari lishike kona? Maana hayo ni mawili tofauti."

"Kona," alijibu Anselmi, upesi kuliko inavyompasa mtu anayemfikiria mkwe wake.

Kwani kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia fundi wala Editha. Pale kijiweni kulikuwa na dereva kijana aitwaye Thadeo, ambaye gari lake lilikuwa limeshushwa vilevile, na Anselmi alikuwa akilitazama kwa jicho la tamaa tangu mwaka uliopita. Nyumbani akasema, "Ni kwa ajili ya mama." Akalisema mara nyingi mpaka mwenyewe akaliamini nusu.

Gari lilipotoka gereji alilipeleka kwenye kona za Iyovi, njia ya Iringa, kulijaribu. Mama wee! Liliingia kona likiwa limenyooka kama meza. Alicheka peke yake ndani ya gari. Wakati wa kurudi, tumbo la gari lilikwaruza tuta la kwanza la Mikumi, na la pili, na yote yaliyofuata, lakini masikio ya mwenye furaha husikia anachotaka.

Editha akampigia simu mama yake. "Mama, amelitengeneza gari lote upya kwa ajili yako. Haliyumbi tena."

"Basi kama amejisumbua hivyo, nikikataa nitamfedhehesha," mama akasema. "Nitakuja nalo."

Jumapili ile alfajiri ilikuwa safi, na Anselmi alivaa koti lake la harusi. Kilosa walimkuta mama amesimama barazani kwa ndugu yake, amejifunga kanga mpya, kando yake kikapu cha vitunguu vya Lumuma. Kuingia garini ilikuwa kazi. Magoti yake hayakuwa mazuri, na kiti sasa kilikuwa chini kama kigoda. Elia alimshika mkono, mama akajishusha, akatua kwa kishindo kidogo. Anselmi alikuwa ametazama pembeni. Akasukuma kioo, kikatazama paa.

Mwanzoni alikwenda vizuri, lazima nimtendee haki. Kona ya kwanza aliichukua polepole, na gari halikuyumba hata kidogo.

"Shemeji!" Elia akapiga goti lake kwa kiganja. Safari hii hakulala. "Linashika!"

Ya pili akaichukua kwa kasi zaidi kidogo, aone. Halikuyumba. Ya tatu akaongeza. Gari lisiloyumba humdanganya dereva. Humwambia kuwa mwendo ni mdogo wakati mwendo ni mkubwa, na Anselmi alikuwa mtu mwepesi wa kuamini habari njema. Elia alishangilia kila kona. Huko nyuma kitu kilisikika kikiteleza kitini, kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Anselmi alikisikia. Akadhani ni kikapu cha vitunguu.

Walifika kanisani kengele ya kwanza inalia. Uwanja ulikuwa umejaa watu waliovaa vizuri. Hata wenzake wa kijiweni walikuwapo, na Thadeo alipoliona gari linaingia akapiga vidole. "Kaka, limekaa! Limekaa haswa!"

Elia aliruka nje akakimbilia rafiki zake kuwasimulia. Mlango wa nyuma haukufunguka. Anselmi alingoja, akaona watu wanaanza kutazama, basi akazunguka akaufungua yeye, macho chini kama ilivyo adabu.

Macho chini ndiyo yaliyoviona vitunguu, vimetapakaa sakafuni. Lakini kikapu chenyewe kilikuwa kimebanwa vizuri nyuma ya kiti cha mbele, hakikuteleza popote. Kilichokuwa kikiteleza ni mama. Alikuwa amebanwa kwenye pembe ya kiti, ameushikilia mkanda kwa mikono miwili. Kanga ya kichwani ilikuwa imeanguka, mvi zake ziko wazi mbele ya mkwe wake. Na ile kanga mpya ilikuwa imekunjwa mapajani. Anselmi sasa alijua kanga iliyokunjwa ina nini.

Mama alijaribu kuinuka. Magoti yalikataa. Akajaribu tena, akarudi chini. Akanyoosha mkono nje ya gari, mkono ukabaki hewani.

Mkono ule Anselmi hakuruhusiwa kuushika. Alisimama na mikono yake miwili mizima, iliyosifiwa na mji mzima, na haikuwa na kazi. Editha alikuwa mlangoni mwa kanisa na mtoto kifuani, hawezi kukimbia. Anselmi alitamani lile gari, pamoja na springi zake na matairi yake, lingekuwa mtoni.

Mwishowe akavua koti. Akageuka akampa mama mgongo, akashika mkono mmoja wa koti, na ule wa pili akaurusha nyuma ndani ya gari. Akahisi umeshikwa. Akavuta, ameinama mbele kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na mshono wa begani ukasikika ukiachia. Mama akatoka, akasimama.

Editha alifika, akaichukua ile kanga iliyokunjwa bila kuuliza, akamfunika mama yake kichwa kwa ya kwake. Kisha akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti.

"Si ungeenda polepole tu?"

Anselmi akainama kuokota vitunguu.

Mtoto alibatizwa. Somo wake alimpakata, na padri alilitamka jina lile kwa sauti kubwa. Anselmi alisimama nyuma ya nguzo katika koti lililoachia bega. Watu walipompa hongera alizipokea huku akitazama viatu vyao. Hakuna aliyemcheka, hata mmoja, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Baada ya chakula, mama alitakiwa kurudi Kilosa. Anselmi alimwomba Editha amwambie mama kwamba atamtafutia gari jingine, la mtu mwingine, refu. Jibu likarudi kwamba mama ataenda na gari lililomleta. Basi wakapanda, mama na Editha na mtoto nyuma, Elia mbele, safari hii mdomo umefungwa. Anselmi aliinua mkono kukisukuma kioo juu, akakuta kilishatazama paa tangu asubuhi.

"Editha," sauti ikasema kutoka nyuma, "mwambie mwenzio ashushe kioo. Nikiugua tena, afadhali anione."

Editha hakuhitaji kumwambia. Mkono wa Anselmi ulikuwa bado juu. Akakishusha kidogo kidogo, kikapita paa, kikapita dirisha la nyuma, kisha kwa mara ya kwanza tangu aoe akauona uso wa mama mkwe wake. Ulikuwa umechoka. Hasira hakuiona, ingawa aliitafuta. Akawasha gari.

Alikwenda polepole, na kabla ya kila kona alitupa jicho kiooni. Hawajafika Ulaya, mzee mmoja aliyepakia gunia la mkaa kwenye baiskeli aliwakuta kwa nyuma, akawa sambamba nao. Akalitazama lile gari zuri, lililokaa chini na matairi mapana, akamhurumia dereva.

"Vipi, kijana, limeharibika?"

Siku nyingine yoyote Anselmi angemwonyesha.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Ndiyo, limeharibika." Na akampisha apite.