Kufuli la Tatu

Usiku kucha sikulala, nikisubiri habari za muuguzi. Umoja wetu wa maendeleo ya kijiji ulikuwa umemjengea nyumba ili akubali kukaa nasi, na binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi gari likamshusha na begi moja.

Mlango ulikuwa na makufuli matatu, kila ufunguo kwa mtu wake. La tatu nililipendekeza mimi kikaoni, baada ya mabati mawili kuota miguu. Ufunguo wangu nilikuwa nao, na katibu alikuja na wake mbio. Lakini shemeji yangu, mwenyekiti, alikuwa ameondoka jana yake kwenda msibani, na ufunguo wa kufuli la tatu mfukoni.

"Mama, dereva anageuza saa nne," muuguzi alisema, amekalia begi lake. "Nikikosa pa kulala, narudi naye."

Nikamkimbilia seremala. "Kaka, njoo ung'oe bawaba!"

"Mali ya umoja hiyo, dada. Siigusi bila kikao."

"Kikao gani na mgeni yuko mlangoni?"

"Si wewe uliyenyoosha mkono wa kwanza kudai kufuli la tatu?"

Nikamtolea maneno ambayo mtu mzima hayasemi. Yeye akaendelea kupiga randa.

Nikamwomba muuguzi alale kwangu. Akauliza tuko wangapi. Nikasema tisa, naye akainama kuchukua begi lake.

Saa nne honi ikalia. Binti yangu alisimama kando, mkono kiunoni, akitazama vumbi la gari. Makufuli mawili yalining'inia wazi. Lile nililolidai mimi lilikuwa limeushika mlango vilevile.