Sinia Letu la Hjulsta

Binti yangu alipotimiza miaka mitano alifunga mdomo. Kuongea aliongea, tena sana; mdomo uliofungwa ni ule wa kulia chakula changu. Nilikuwa nikimwekea wali wa nazi, mchuzi wa samaki na mchicha pembeni, anadonoa punje mbili tatu, anasukuma sahani, kisha ananiambia kwa Kiswidi kwamba ameshiba. Jag är mätt. Ameshiba nini? Harufu?

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtu akikataa chakula anaulizwa kama ana homa, na akisema hana homa anaulizwa nani kamuudhi. Nilimuuliza yote mawili. Homa hana, aliyemuudhi hayupo. Basi nikafanya walichofanya mama zetu wote: nikakaa naye mezani na kumwambia kula, maliza, bado kijiko kimoja, fungua mdomo, huoni wenzio wa ghorofa ya tatu wanavyokula. Ilikuwa vita, na kila jioni mshindi alikuwa yule ambaye miguu yake haikufika sakafuni.

Mume wangu hakuwepo vitani. Anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha malori Södertälje, na kutoka huko hadi kwetu Hjulsta ni treni juu ya treni. Akirudi anakuta sahani imefunikwa na mimi nimenuna. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," ananiambia huku akivua koti. "Ukaidi huo hakuutoa kwangu." Nilikuwa nacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha nusu.

Kilichoniuma zaidi ni habari za chekechea. Mwalimu wake aliniambia kwa furaha kwamba mtoto hana tabu kabisa na chakula. Anajipakulia viazi mwenyewe, samaki, karoti mbichi, anakula, anaondoa sahani yake. Nikatabasamu kwa adabu, moyoni nachemka. Kumbe anakula cha watu, changu anakikataa. Nikaiona miaka inayokuja: binti mkubwa, msomi, anaingia nyumbani kwangu na kwenda moja kwa moja kwenye friji kutafuta jibini, na wali wa nazi wa bibi yake anaupita kama mtu asiyemjua. Hilo nililiogopa kuliko wembamba wake. Nikizungumza naye Kiswahili alikuwa ananijibu Kiswidi. Kitu kimoja nilichokuwa bado ninacho cha kumpa kutoka kwetu kilikuwa chakula, nacho alikuwa anakirudisha na sahani yake.

Nikasema, kama ni hivyo, nitapika cha kwao. Nikaponda viazi, nikakaanga vidonge vya nyama, nikatengeneza ule mchuzi wao mweupe, nikachemsha karoti. Nyumba nzima ikanukia siagi. Nikampakulia sahani iliyojaa, nikamkalia mbele. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema ameshiba. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba ugomvi wetu haukuwa wa nazi.

Nilimpeleka kliniki ya watoto. Nesi, mwanamke mpole asiye na haraka, akampima na kusema anakua vizuri, ni mwembamba tu. Kisha akauliza jioni zetu zikoje, nami nikamweleza bila kuficha, maana nilidhani atakuwa upande wangu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Wewe amua kinachopikwa na saa ya kula," akasema. "Yeye mwachie aamue anakula kiasi gani." Nilitoka pale nimevimba. Mtoto ambaye hata kiatu cha kulia anakivaa kushoto, aamue? Kwetu hata mgeni mtu mzima haachiwi kuamua. Unamwongeza wali huku amefunika sahani kwa kiganja, na usipomwongeza atasema nyumba ile wana choyo.

Mama yangu naye, kwa simu ya video, alikuwa akiomba nimgeuzie mtoto ubavu amwone vizuri. "Mbona shingo imekuwa ya kuku? Huko Ulaya chakula kimeadimika?" Dawa yake ilikuwa uji wa siagi, umshike mikono umnyweshe. Nikawa katikati ya nesi na mama yangu, na wote wawili nimewakasirikia.

Jibu nilikuja kulipata ghorofa ya tatu. Jirani yetu ni mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, mwenye watoto wengi na sauti inayofika uwanjani bila yeye kusogea dirishani. Jumapili moja, baada ya yeye kutoka kanisani, alitukaribisha chakula. Akatandika kitambaa sakafuni, akaweka sinia kubwa: bugali katikati, sombe upande mmoja, samaki wadogo wa kukaanga upande mwingine. Watoto wakanawa, wakazunguka. Wangu akajibana kati yao. Nikaona mkono wake unakwenda, unakata tonge, linakuwa kubwa mno, analipunguza, analichovya kwenye sombe. Majani yale. Sombe, ambayo mimi nikiipika na kuiita kisamvu anaziba pua.

Nikafungua mdomo kusema kula mwanangu, kula. Jirani akanigusa goti.

"Acha mutoto, mama," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Ku sinia hatuangaliake mukono ya mutu."

Nikafunga mdomo. Na pale pale, sakafuni kwa watu, nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Kwake tulikula sinia moja sisi wajukuu wote. Unakula upande wako, hutazami tonge la mwenzio, na nyama inakaa katikati mpaka mkubwa aigawe. Bibi alikuwa anachambua kipande kizuri na kukisogeza upande wa mtoto anayesuasua, bila kumtazama na bila kumwambia neno. Anasogeza tu na kuendelea na hadithi zake za watu wa mtaani. Wewe unakuta nyama imekujia. Hakuna aliyejua nani kala sana na nani kala kidogo, kwa sababu sinia halina mpaka. Sahani ina mpaka. Mtoto akiwekewa sahani amewekewa mtihani, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kama msimamizi.

Kwa hiyo yale ya nesi hayakuwa ya Kizungu. Yalikuwa ya bibi yangu, aliyeamua kinachopikwa na saa ya kula, na tumbo akamwachia mwenyewe. Tumetoka kwenye sinia, tukanunua meza na sahani za maua tukidhani ndiyo maendeleo, tukabaki na ile kula, maliza peke yake. Nilifurahi mno kuligundua hilo. Nilirudi ghorofani kwangu nikiwa na kiburi cha mtu aliyeshinda kesi.

Sinia lenyewe nililipata Tensta, kwenye duka la vyombo la Mwarabu, limening'inia juu karibu na dari. Nikalibeba kwenye treni ya bluu nimelikumbatia kifuani. Ni kituo kimoja tu, lakini abiria walipata muda wa kutosha kulitazama. Kijana mmoja akaniuliza kwa Kiswidi kama ni ngoma. Nikamwambia ni meza.

Tangu siku ile nyumbani kwetu neno maliza lilikufa. Mimi nachagua kinachokwenda kwenye sinia, na mboga haikosekani: mchicha, kabichi, kisamvu nikikipata, karoti nilizozipika kwa nazi ili wenyeji na sisi tukutane. Maji yako kwenye jagi, soda inasubiri wageni, simu zinalala chumbani. Kwa peremende tulifuata desturi ya nchi, ambako watoto wanakula vitu vitamu Jumamosi. Desturi hii naipenda kwa dhati. Mtoto akiomba peremende Jumanne namwambia leo si Jumamosi, na hapo sijawa mbaya mimi. Nchi nzima iko upande wangu.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki za mwanzo alikula wali mtupu, na mimi niliuma ulimi mpaka mume wangu akaniuliza kama umepewa likizo. Nilikuwa naangalia pembeni, naangalia dirisha, naangalia dari, huku macho yananirudi kwenye vidole vyake. Mchicha uliingia kwa bahati, umeng'ang'ania kwenye tonge la wali. Akasita kutafuna. Nilisimulia habari za ofisini kwetu zisizo na kichwa wala miguu, mradi nisiutaje mchicha. Akameza, akakata tonge jingine. Nikaenda jikoni kuchukua chumvi ambayo hatukuihitaji, nikasimama mbele ya kabati nikitabasamu peke yangu.

Baadaye alitaka kupika. Kachumbari ikawa yake. Anakata matango vipande vinene vya kutosha kuvunja jino, anakamua ndimu, anaonja, anaongeza chumvi kwa ncha ya kidole, na mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Baba yake akitoka zamu mapema tunamngoja, na yule niliyeogopa atanipotea akawa ndiye anayesema Bismillahi ya kwanza. Kiswahili cha kwenye sinia kikawa kizuri kuliko cha mahali pengine popote. Mama yangu bado anauliza habari za shingo, lakini sasa mtoto mwenyewe humwonyesha bibi yake sinia kwa simu.

Mwaka huu ametimiza miaka minane. Aliomba kuwaalika marafiki wawili wa darasani siku yake ya kuzaliwa. Nikapanga piza na keki, kitu salama. Akanishangaa.

"Na sinia?" akauliza, kwa Kiswahili.

Nilisita, na sababu naisema wazi. Kula na mimi ndani ya milango yetu ni jambo moja. Kuketi sakafuni mbele ya wenzake wa shule ni jambo jingine, na mtoto akichekwa siku moja tu anaweza kuliacha sinia maisha yake yote. Nikamwambia piza wanaipenda wote. Akasema piza wanaila kila mahali. Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, acha waje. Nikapika wali wa nazi na samoni wa kupaka, na mchicha, na kachumbari ikatengenezwa na mwenyewe.

Mmoja wa wageni alikuja na mama yake mpaka mlangoni. Mama akanivuta pembeni, akanieleza kwa unyonge kwamba binti yake hana mzio wowote ila ni mchaguzi mno, kwa watu hali kitu, na nisione vibaya, amemfungia makaroni kwenye kopo. Nikalipokea lile kopo, nikaliweka kwenye kabati la viatu. Nilimtazama usoni nikamjua. Ni mimi yule, miaka mitatu nyuma. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Watoto wakanawa, wakaketi kuzunguka sinia. Rafiki mmoja akaanza kula akicheka kwa jinsi wali unavyomkimbia vidoleni. Yule wa makaroni akaweka mikono mapajani. Nikaona mabega yake yamepanda, na ulimi wangu, ule ule wa zamani, ukanyanyuka kusema onja kidogo, mama. Lakini binti yangu aliwahi. Aliwaambia kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu anayeeleza kanuni za mchezo, kwamba kila mtu anakula upande wake na hakuna anayetazama mkono wa mwenzake. Halafu akavuta kipande cha samaki katikati, akakichambua kwa vidole, akatoa miba, akausogeza mnofu ule mpaka upande wa rafiki yake. Hakumtazama. Alikuwa anasimulia habari za sungura wa darasani huku mkono unafanya kazi yake.

Bibi yangu alifariki kabla mtoto huyu hajazaliwa. Sijawahi kumweleza binti yangu habari za kusogeza; nilimsogezea tu. Kwa muda wote ule nilidhani yeye ndiye anayelishwa, kumbe alikuwa anajifunza kulisha. Nilijivuna siku ile kuliko nilivyojivuna nilipopata kazi, kuliko nilipopata uraia, na nilikaa pale nikijifanya napanga glasi.

Mkono wa mgeni ulitoka pajani taratibu. Ukachukua samaki, baadaye wali, baadaye kachumbari ile ya vipande vinene.

Jioni mama yake alirudi, akalikuta kopo la makaroni lipo pale pale kwenye kabati la viatu, halijafunguliwa. Akababaika. Akamuuliza binti yangu, aliyekuwa amewasindikiza mlangoni, kama mwenzake amekula, na amekula kiasi gani.

"Samaki alikuwa mzuri," akajibu binti yangu kwa Kiswidi na kwa adabu zote. "Kiasi hatujui. Kwenye sinia hatuangalii."

Yule mama akanigeukia mimi, anangoja jibu la mtu mzima. Mimi nilikuwa nimeliona kila tonge, kubwa na dogo. Nikamwambia kwamba hata mimi sikuangalia.