Mi Njo Niliweka Kengele ya Kubomoa Nyumba ya Mama Mukwe

Admin, unifichie jina vizuri, maana hapa Kolwezi hata mbuzi za soko zinanijua. Mi ni mwanaume wa miaka 43, niko na bibi mumoja na batoto bane, tunakaa mutaa wa Kapata. Masomo niliacha kwa mwaka wa tatu wa secondaire, lakini dunia nimeisoma: nimefika Ndola, nimefika Durban, nimelala gerezani kule na nimetoka nikicheka. Leo natunza ba-ordinateur, zile kompyuta, kwa kampuni moja ya mugodi. Moja ikigonjwa, banasema, "Muite docteur."

Juma hii chef, mukubwa wangu wa kazi, aliniita. Alilalamika ya kwamba agenda ya ordinateur yake, ile kalenda ya kazi, haimukumbushi tena kitu, anakosa mikutano, bakubwa banamugombeza. Kuangalia, kumbe mwenyewe aliizima sauti siku moja alipotaka kusinzia kwa ofisi, akasahau. Nikaifungua. Na sababu napenda kusifiwa, nikaongeza: ipige kengele siku moja mbele ya kazi, ipige tena saa moja mbele, ilie kwa simu yake na kwa simu za bote banaohusika. Ili tujaribu, nikachukua kazi ya karibu iliyoandikwa mule. Ikalia vizuri sana. Kwa kioo yakatokea maneno: kubomoa nyumba, kupanua mugodi, jumatatu asubuhi mapema, machine pamoja na polisi. Chini yake, jina la avenue, ni kusema barabara.

Ni avenue ya mama mukwe wangu.

Chef aliona uso wangu. Alisema polepole, "Docteur, wewe unachekesha batu. Hii usimuchekeshe nayo mutu." Nilimuelewa. Kuna mwenzetu alitoa siri kama hii zamani. Yeye alilala cachot ya polisi, na vijana ba mutaa ule balipotoka na mawe, balijibiwa na risasi.

Mama mukwe ni wa Kasai. Wakati ule banafukuza Bakasai hapa Katanga, miaka ya tisini, alilala inje kwa gare na familia yake, banangojea train isiyokuja. Mutoto wake wa kwanza alikufa pale, bakamuzika karibu na reli. Baadaye mama akarudi, akauza unga mupaka akajenga. Sasa amenunua mabati ya chumba ingine. Akamutuma bibi yangu aniulize, mi mutu wa kampuni, kama avenue yao haiko na shida.

Mi, na mudomo huu wote, nilijibu tu, "Niko na njaa."

Munajua desturi yetu. Mbele ya mama mukwe mutu hasemi ovyo, unashusha macho, mukikutana njiani unapita pembeni. Kunyamaza njo heshima. Basi bibi yangu alirudi kutoka kwa mama yake na furaha. "Mama anasema, kama mukwe ananyamaza, hakuna neno. Angejua kitu kibaya, heshima ingemushinda, angesema."

Sijalala vizuri tangu ile siku. Niliwaza kuondoa kengele, maana chef bila kengele anasahau hata mahali alipoacha viatu. Lakini madereva ba machine nao niliwawekea, kwa mikono yangu, na bote banajua nani anashika ile agenda. Nikimwambia bibi yangu, atalia, avenue yote itasikia, vijana batashika mawe. Nikinyamaza, mama atalala inje mara ya pili, na safari hii ni mukwe wake alijua.

Na kwetu, kazi ya ukwe haikataliwi. Mabati yanapandishwa kesho, jumamosi, na anayengojewa juu ya nyumba kupigilia misumari ni mi. Mama ameshaloweka maharagi ya kunipikia.

Ndugu zangu, kunitukana munaweza, lakini munijibu leo. Kesho nikifika pale na nyundo, nimuangalie mama mukwe kwa macho niseme, ao nipande juu nipigilie?