Chumvi Ndani ya Soksi

Viazi vinavyochemka bila chumvi vina harufu ya shamba lililopashwa moto: udongo, mvuke, na maganda yaliyoachwa hapa na pale na mikono yenye haraka. Kila nikiisikia harufu hiyo hupatwa na aibu, wala si njaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kiongozi wa maskauti ishirini na wawili kutoka Kibirichia kule mlimani, nimesimama mbele ya sufuria kubwa katika uwanja wa shule moja huko Mbeere, upande wa chini wa Embu, ambako jua la Agosti huchoma hata kivulini. Mkononi nilikuwa na daftari. Ndani ya daftari mlikuwa na orodha niliyoiandika mara nne, kwa rula, kwa sababu mara tatu za kwanza herufi zilikuwa zimepinda kidogo. Nitaieleza orodha hiyo kama ilivyokuwa, maana siku hizi watu wazima wanaoanza kujitolea kulea maskauti hunijia kuniuliza siri ya kazi hii, na mimi sina siri. Nina kisa kimoja tu, nacho hakinisifu hata kidogo.

Mlezi wetu aliitwa Mwalimu Murithi, ingawa hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za mgongoni, zile za kunyunyizia viazi dawa, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya kijani isiyotoka hata Jumapili. Kila Ijumaa jioni alifunga kibanda chake, akavaa skafu juu ya koti la kazi, akaja kutufundisha mafundo ya kamba. Watoto wengine walimwona mvivu. Mtoto akikwama, yeye alikaa. Hema likianguka, alilitazama likianguka. Ukimwendea na swali, alikurudishia swali lako kama mtu anayekurudishia kikombe chako. Mimi, niliyekuwa nikikagua hata ndotoni kama nimefuta ubao wa darasa sawasawa, nilimwona ni mtu hatari sana.

Tulipoambiwa kwamba makundi ya milimani na ya nyanda za chini yatapiga kambi pamoja kwa siku nne, Mwalimu Murithi aliniachia orodha ya vitu vya kubeba. Niliifanya kama mtihani wa taifa. Kamba za viatu za akiba niliandika. Sindano, uzi mweusi, uzi mweupe, kitambaa cha pua, kitambaa cha pili cha pua endapo cha kwanza kitapotea. Vitu thelathini na kimoja kwa jumla, na katika namba ya kumi na tisa niliandika neno moja: chakula. Mwalimu alipitisha kidole chake cha kijani juu ya orodha, kikafika kumi na tisa, kikasimama.

"Una hakika, Kendi?"

"Nina hakika, Mwalimu."

Akatia sahihi.

Sasa, mtu asiyetoka Kibirichia huenda asione kosa liko wapi. Kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu mkono uliojaa ni mkono wenye viazi. Mgonjwa hupelekewa viazi. Mchumba hupelekewa viazi. Mtoto akienda shule ya bweni, shangazi hulia kidogo kisha huleta viazi. Mama yangu aliposoma namba kumi na tisa hakufikiri hata mara moja. Alishika jembe, akaenda shambani. Mama wengine ishirini na wawili walifanya vivyo hivyo. Asubuhi ya safari tulipanda lori tulilopewa na mzazi mmoja, tukateremka kupita mji wa Nkubu tukivua sweta moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeuliza mwenzake ana nini mfukoni. Tulipofungua mizigo kambini tulikuta viazi, viazi, viazi, na katika mfuko wa Mwenda, naibu wangu, kitu tofauti kidogo: viazi vitamu.

"Mimi nilitaka kubadilisha," alisema Mwenda.

Hakuna kitunguu, hakuna mafuta, hakuna chumvi. Lakini wakati huo sikuona ukosefu wowote, kwa sababu jicho langu lilikuwa kwenye mwiko. Mwiko wa mti uliofungwa utepe wa njano ungepewa kundi lenye jiko safi kuliko yote, nami nilikuwa nimeshaamua utatundikwa wapi nyumbani kwetu. Nilijua pia kwamba baada ya kambi Mwalimu angechagua nani aendelee kuwa kiongozi. Nikaamuru viazi vioshwe maji matatu: maji ya kwanza ya kutoa udongo, ya pili ya kuondoa uchafu wa mikono iliyotoa udongo, na ya tatu kwa ajili ya jicho la mkaguzi. Kando ya jiko kulikuwa na pipa lililojaa hadi mdomoni. Kwetu maji huteremka kutoka mlimani kwa mabomba, na mtu akisahau mfereji wazi, anayelalamika ni bata tu. Tulichota. Tukamwaga nyuma ya hema. Mbuzi mmoja wa jirani alikuja akanywa kwenye kidimbwi chetu, akanitazama kwa shukrani, nami nikajiona mkarimu.

Kisha akaja Igoki. Alikuwa kiongozi wa kundi la wenyeji, msichana wa rika langu, mwembamba, mwenye kikombe cha bati mkononi. Aliinamisha pipa. Likatoa sauti ya ngoma. Akaangalia kidimbwi, akaangalia mbuzi, akaangalia viazi vyetu vinavyong'aa kama mayai.

"Nyinyi mnaosha hizo viazi ama mnazibatiza?"

Kundi lake lote likacheka. Nilisubiri hasira, kwa sababu nilikuwa nimeshatayarisha majibu ya hasira. Hakukasirika. Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Hiyo maji tumetoa mtoni na punda, tumeamka saa kumi na moja. Ilikuwa ya leo na kesho asubuhi." Akageuza kikombe chake chini juu, akarudi kwao. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuwa tumekuja na kumkausha mwenyeji koo.

Nilimkimbilia Mwalimu Murithi. Alikuwa amekaa chini ya mgunga, mahali ambapo, sasa ninatambua, aliona majiko yote mawili, letu na la kina Igoki. "Mwalimu, maji imeisha." Alisema, "Nimeona." Na hapo alifanya jambo ambalo sikulizingatia mpaka nilipokuwa mtu mzima. Aliinuka mara moja, bila kuuliza swali hata moja, akaenda kwenye lori, akateremsha mitungi miwili ya maji aliyokuwa ameifungia nyuma ya kiti cha dereva, akaipeleka kwa kina Igoki. "Haya ni ya kunywa tu, ya watoto wote," alimwambia mlezi wao. "Kiazi hakina kiu." Kisha akarudi kwenye mgunga wake, akakaa, akawa mvivu tena.

Viazi vilikuwa vimeanza kutokota katika maji ya mwisho tuliyochota. Jua lilikuwa limeinama, na watoto ishirini na wawili waliokula mara ya mwisho asubuhi walikuwa wamekaa kuzunguka sufuria, sahani magotini, wakinitazama. Mwenda alichovya kijiko, akaonja, akachovya tena.

"Kiongozi, chumvi iko wapi?"

Nilifungua daftari. Nilisoma vitu thelathini na kimoja kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kana kwamba chumvi ingeingia kwa kuona nimejitahidi. Mtoto mmoja mdogo alianza kulia polepole. Mwenda akamwambia, "Lia juu ya sufuria basi, utusaidie." Hata mimi nilicheka, kisha nikahisi machozi yangu yenyewe yanakuja, nikaenda tena kwa Mwalimu na kumwambia kwamba tumekosa chumvi. Alinitazama kwa upole ulioniudhi.

"Jikoni kwa kina Igoki iko. Nimeiona."

"Lakini Mwalimu, sisi ndio tumemaliza maji yao."

"Ndiyo," alisema. "Hiyo pia nimeiona."

Mtu mwingine angeenda tu. Mimi niliketi nyuma ya hema, kando ya kidimbwi, nikaandika hotuba. Niliifuta mara mbili, nikainakili upya kwa mwandiko mzuri, huku nyuma yangu watoto wakianza kula viazi visivyo na ladha kwa huzuni. Nilifika kwa Igoki nimekaza mgongo, nikafungua karatasi.

"Kwa niaba ya kundi la maskauti wa Kibirichia, ningependa kuchukua fursa hii..."

"Ngoja," Igoki alisema. "Wewe umeandika pole?"

"Nimeandika na nimesahihisha."

"Soma basi tusikie. Nyinyi, nyamazeni, mgeni anasoma pole."

Nikaisoma yote mbele yao, aya tatu. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba tendo letu lilitokana na desturi za usafi, mvulana mmoja alianguka chini kwa kicheko na Igoki akajifunika uso kwa kofia. Nilipomaliza walinipigia makofi, si yote ya dhihaka. Igoki alisema, "Chumvi iko. Lakini kesho saa kumi na moja unaenda mtoni na sisi, na hauvai hizo soksi nyeupe. Na mlete hizo viazi zilizookoka. Sisi tuko na ndengu peke yake, kila mtu alileta ndengu." Alisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini, naye akatazama pembeni, na nikajua kwamba katika dunia hii kulikuwa na orodha nyingine yenye neno moja la chakula.

Tulimwaga sufuria mbili zikawa moja. Viazi vikapondwa ndani ya ndengu, kitunguu chao kikakaangwa, na watoto wakala hadi wakalegea. Mkaguzi alizunguka sufuria yetu mara mbili akiwa na kalamu, hakujua alama ampe nani, akaandika sifuri kwa makundi yote mawili kwa kukosa kujitegemea. Mwiko ulikwenda kwa kundi jingine lililopika ndizi bila kuziunguza. Asubuhi iliyofuata nilikwenda mtoni nyuma ya punda wanne, na wakati wa kurudi tulisaidiana na Igoki kubeba mtungi mmoja uliozidi, kila mmoja upande wake, tukipumzika kila baada ya miti michache. Siku hiyo nilinawa uso kwa kikombe kimoja cha maji, na mengine yakabaki.

Siku ya kuondoka Mwalimu Murithi alikaa kwenye ngazi ya lori kukung'uta vumbi viatuni. Alipovua soksi ya kushoto, kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo kikadondoka miguuni pangu. Nilikiokota. Kilikuwa cheupe, kizito, chenye chembechembe.

"Mwalimu, hii ni chumvi."

"Ni chumvi."

"Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Kibirichia."

Nilikaa nimempa mgongo mpaka Nkubu. Hapo lori liliposimama, alisema huku akitazama barabara, "Ningekupa, ungeenda kwa Igoki?" Nilikuwa nimekunja mikono, nikisubiri anivue uongozi. Hakunivua. Ijumaa iliyofuata alinipa daftari jipya, akaniambia niandike orodha ya safari nyingine.

Leo mimi ndiye mlezi. Ninaishi Nchiru, kati ya hosteli za wanafunzi na vibanda vya chapati, na kila Jumamosi nina watoto kumi na wanane. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu na kitabu kimoja kisicho na jalada. Mafundo nilijizoeza kwenye mguu wa kitanda hadi kitanda kikalegea. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nasema methali hiyo kwa walezi wenzangu kana kwamba ninaiishi, ilhali mwezi uliopita nilimnyang'anya mtoto mwiko kwa sababu alikoroga kinyume. Ninachokijua kwa hakika ni kidogo. Kaa mahali unapoona majiko yote. Maji ya kunywa, moto na mto ni vyako wewe mtu mzima, na hapo usiulize mtoto anafikiria nini, inuka. Chumvi ni yao. Ugumu ni kwamba kwa mtu kama mimi kila kitu kinafanana na maji ya kunywa.

Jumamosi hii tunapanda Kibirichia kupiga kambi. Makena, mwenye miaka kumi na mmoja, aliniletea orodha jana. Ameipigia mistari kwa rula, vitu arobaini na viwili, vikiwemo kalamu nyekundu ya akiba na picha ya paka wake. Hakuna kiberiti. Kidole changu kilifika mahali kiberiti kilipaswa kuwa, kikasimama.

"Una hakika, Makena?"

"Nina hakika, Mwalimu."

Nikatia sahihi, nikaenda chumbani, nikafunga mlango. Mwalimu Murithi aliweza kukaa siku nne na kitu kimoja tu ndani ya soksi. Mimi nina viberiti viwili, chumvi, kitunguu, sindano na uzi wa rangi zote mbili. Leo nilivitia vyote ndani ya soksi, nikavijaribu nikitembea uani, na Makena, aliyekuwa akifunga kamba langoni, akainua kichwa.

"Mwalimu, umeumia mguu?"

"Kidogo tu," nilimwambia. "Endelea na fundo lako."