Televisheni Moja, Bashi Moja

Mume wangu alitoa pikipiki yake ili apate televisheni ile. Nasema pikipiki nzima, yenye taa na honi, iliyokuwa inampeleka yeye kazini na mimi sokoni. Aliyebadilishana naye ni injinia mmoja Mzungu wa mgodi kule Kolwezi, mji wetu wa shaba, aliyekuwa anafunga mizigo kurudi Ulaya. Wakati huo kazi za mgodi zilikuwa zimeanza kuporomoka, mishahara inachelewa, na Wazungu walinusa mambo mapema kuliko sisi. Mi nilinuna wiki mbili. Chakula nilipika, lakini maneno sikumpa.

Yeye hakujali. Alikuwa fundi umeme, vitu vya waya alivijua hadi ndani. Siku ya kwanza aliifungua mgongo, akaniita.

"Kuya uone, mama ya batoto. Ii haiko tele ya kila mutu."

Akanionyesha spika mbili, mbao ngumu za ubavuni, kioo kipana, na kile kidude cha kubadilishia chaneli ukiwa umekaa kitini. Alisema tele za majirani zitakufa moja moja, hii itazizika zote. Na nikisema kweli, ilikuwa nzuri. Jumapili majirani walikuja na vigoda vyao, sebule ikajaa, na nguo nyekundu za wanamuziki zilikuwa nyekundu kweli, si ule wekundu wa kubahatisha. Mi mwenyewe nilianza kuipangusa kila asubuhi. Lakini pikipiki sikuisahau.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzwa. Mi nimezaliwa Kolwezi, nikabatizwa Kolwezi, na baba yangu alichimba shaba mgodini Mutoshi hadi kifua kikammaliza. Lakini wazee wetu walitoka Kasai, na mwaka ule hilo peke yake lilitosha. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakisema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Kasai mi sikuwa nimeiona hata siku moja! Tulipewa siku mbili tutoke. Tukakodi pusu-pusu, ule mkokoteni wa magurudumu mawili, na hapo ndipo tulipogombana, maana baada ya vyombo na nguo ilibaki nafasi ya kitu kimoja kikubwa, godoro au televisheni.

"Godoro," nikasema.

"Tele," akasema. "Kule Kasai kuko batu benye kuuzisha diama, ile almasi ya bei. Batatupatia nyumba nzima juu ya ii tele."

"Na ku kijiji ya baba yako umeme iko? Utaiwasha na nini, na mate?"

Watoto wakacheka, na hicho ndicho kilichoniponza. Alipoona anachekwa na wanawe, akakaza kabisa. Godoro tukaliacha mlangoni, na kabla hatujafika kona ya barabara nikamwona mtu amelibeba kichwani.

Tulidhani tutakaa stesheni ya reli siku mbili, tukingoja treni ya kwenda Kasai. Treni haikuja. Tulikuwa maelfu, kila familia na kiraka chake cha saruji au cha nyasi pembeni ya reli, na mvua za mwaka zilikuwa zimeanza. Sisi tulikuwa sita, mimi na mume wangu na watoto wanne, wa mwisho msichana wa miezi mitano. Mvua ya kwanza ilipotupiga niligeuka kutafuta blanketi letu zito nimfunike mtoto. Nikaliona. Mume wangu alikuwa ameifunika televisheni.

Ee Mungu wangu! Sikuamini macho yangu.

"Maji ikiingia mu tele, imekufa," akaniambia, tena kwa upole, kama mtu anayefundisha. "Mutoto umufunike na kikwembe."

Kikwembe chenyewe, kitenge changu cha kiunoni, kilikuwa kimelowa chapachapa! Nikalivuta blanketi, naye akalivuta, watu wanatutazama, hadi mvua ikakoma sisi bado tunavutana. Sikiliza, mume wangu hakuwa mtu mbaya. Kazi alishapoteza, nyumba alishapoteza, na ile mali ilikuwa kitu cha mwisho kilichomwonyesha kwamba miaka yake yote ya kazi haikwenda bure. Haya yote nayaelewa leo. Siku ile damu ilinichemka tu.

Siku ya nne mtoto akaanza kukohoa. Siku ya sita kifua chake kilikuwa kinakoroma, na ziwa alikuwa analishika na kuliacha. Pale stesheni kila asubuhi kulikuwa na mama fulani aliyepiga ukelele kwa sababu mtoto wake hakuamka, na ukelele ule nilikuwa nimeshauzoea kuusikia. Nikaapa kwamba wangu mi hautasikika. Sikujua dawa nitaipata wapi, lakini nilijua kwamba mtoto yule akilala mkavu atapona, na akilowa tena atakufa.

Asubuhi ya siku ya saba mume wangu alikwenda kupanga mstari wa kuandikisha majina ya treni. Nikawaacha wakubwa watatu na mama mmoja jirani yetu pale kwenye saruji, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaita mwenye pusu-pusu. Aliiangalia televisheni, akaniangalia mimi, akauliza ninakwenda wapi na mali kubwa vile.

"Ku soko ya Manika. Sukuma tu."

Nilichokitaka nilikijua tangu alfajiri. Nilitaka bashi, lile turubai nene la kufunika mizigo ya malori. Mume wangu aliipima televisheni kwa pikipiki aliyoitoa na kwa nyumba aliyoiota. Mi niliipima kwa mvua ya siku ile, basi.

Mwenye malori niliyemwendea alikuwa mfanyabiashara Muislamu ambaye wazazi wake walitoka mashariki. Alikuwa na malori mawili, duka, na chumba cha nyuma alichoonyeshea watu filamu kwa tele ndogo isiyo na rangi. Mbele ya duka nilikuta vitanda, cherehani na majokofu ya watu wetu, vimepangwa vizuri vinangoja wanunuzi. Nikavipita bila kugeuza shingo.

"Karibu, mama," akasema. "Ii imetoka wapi?"

"Mu nyumba yangu. Iwashe."

Akaiunganisha na waya wa antena yake. Kwanza chenga, kisha akatokea mtu wa habari na tai yake ya kijani, na sauti ikatoka kwenye spika zote mbili hadi wauza nyanya wa mbele ya duka wakasogea. Nilimwona yule bwana akikaza uso usije ukacheka kwa furaha.

"Rangi imechoka kidogo," akasema.

"Tata, rangi haijachoka. Yenye kuchoka ni macho yako."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akaingia ndani, akarudi na bunda nene la noti. Nikamwambia makaratasi yale ayaweke, kesho hayatanunua hata unga wa bukari, ugali wetu, wa siku moja, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Nikanyoosha kidole kwenye lori lake.

"Minataka ile bashi."

"Ile? Hapana, mama. Ile ni ya gari. Kesho minapeleka mahindi Fungurume, mvua ikinyesha yote itaoza."

"Na mutoto wangu, mvua ikinyesha?"

Akaniongezea noti. Kisha akataja magunia mawili ya unga, kisha magunia na kitanda. Kitanda! Niende nacho wapi, nikakiweke juu ya reli? Nikachomoa waya, nikaisukuma televisheni hadi katikati ya mlango wa duka, nikakaa juu yake. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikatoa ziwa.

"Mama, batu banashindwa kupita."

"Bapite juu yangu."

"Mama, minakuheshimu."

"Na mi minakuheshimu, tata. Lakini sitoki."

Nilikaa. Wateja walikuja, wakanikuta, wakarudi. Niliogopa, sisemi uongo, maana angeweza kuwaita vijana wa barabarani wanitoe, na mwaka ule wangekuja mbio. Hakuwaita. Alijifanya anahesabu misumari. Kisha mtoto akakohoa, kile kikohozi kirefu kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi, hadi midomo ikabadilika rangi, nami nikawa nampiga mgongoni na kuliita jina la Yesu kwa nguvu pale pale mlangoni. Ilipopita, yule bwana alikuwa amesimama mbele yangu na misumari mkononi.

"Wewe mama uko na kichwa nguvu," akasema polepole. Kisha akamwita dereva wake afungue bashi.

Hapo mtu mwenye adabu angeshukuru. Mi nikasema, "Na kamba yake."

Akanipa na kamba.

Niliporudi stesheni mume wangu alikuwa amesimama mahali palipokuwa na televisheni, blanketi mkononi.

"Tele iko wapi?"

"Nimeiuzisha."

Maneno aliyoniambia sitayaandika hapa. Alipoyamaliza akaenda kukaa pembeni ya reli, mgongo kwetu. Nikalifunga bashi peke yangu, upande mmoja kwenye nguzo na upande mwingine kwenye uzio, nikawaingiza watoto. Mchana ikaja mvua, ile ya kutandika, ya kufuta hata reli usizione. Mume wangu akabaki nje. Amelowa kwa makusudi, mtu mzima! Nikamwacha alowe.

Kisha fundo langu likafunguka na upande mzima ukatuangukia. Watoto wakapiga kelele. Ndipo akainuka, akaikamata kamba, akaikaza kama anavyokaza nyaya za kazini, bashi likasimama, naye akaingia. Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye kifua cha mtoto, aliyekuwa amelala mkavu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Anapumua," akasema.

Alipumua. Leo ana watoto wake mwenyewe, na kifua kizima.

Watu walikuwa wanaingia. Yule mama jirani na wanawe, kisha wengine tusiowajua, hadi ikawa magoti kwa magoti na hakuna anayeweza kujigeuza. Waliokosa nafasi walisimama pembeni, wakisukuma vichwa vya watoto wao chini ya ukingo, miili ikibaki nje.

"Alikupatia bashi ngapi?" mume wangu akauliza.

"Moja."

"Tele ile yote, bashi moja?"

"Moja na kamba." Nilisema kwa jeuri. Nilikuwa nimeungoja ugomvi ule tangu asubuhi, na majibu yangu yote yalikuwa tayari.

Hakugomba. Alikuwa anamtazama mama mmoja kijana aliyesimama kwenye mvua na mtoto mchanga ndani ya gauni. Akamkunja miguu mwanetu wa tatu, akajibana mwenyewe, akanyoosha mikono akampokea yule mtoto. Mama yake hakupata pa kuingia.

"Ungelomba bashi mbili," akaniambia.

Nikamtazama yule mama aliyebaki kwenye mvua. Yule bwana alikuwa ameshalegea, angenipa chochote, na lori la pili lilikuwa pale pale uani na bashi lake juu. Mi nikaomba kamba.