Kibali cha Kufuata Treni

Juzi, kwenye dirisha la vibali hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, fundi cherehani mmoja wa Bukavu alifanya kosa ambalo sijawahi kumwona mtu akilifanya: alisema ukweli. Sisi wengine tukitaka kutoka kambini kwenda Lilongwe tunasema "hospitali", hata kama tunakwenda kula samaki.

Karani, Mmalawi aliyekwisha kukizoea Kiswahili chetu cha Kongo, akamuuliza anakwenda kufanya nini.

"Mi naenda kutafuta treni, chefu. Kale kadogo ka kuchezea, kenye kuzunguka kwa reli yake."

"Ya mtoto?"

"Hapana. Yangu."

Akakunjua karatasi, akasoma mpango wake wote: kulala kwa shemasi kule Mtandire, mchana nsima, ugali wa huku, na samaki sokoni, halafu maduka ya vitu vya kuchezea, moja baada ya jingine. Foleni nzima tulicheka.

Karani hakucheka. "Papa, hiyo sababu mkubwa wangu hawezi kuisaini. We iko mgonjwa?"

"Mi iko muzima!"

"Hapana. Iko mgonjwa." Akaandika "hospitali", akagonga muhuri. Kisha akainamia dirisha na kunong'ona: "Hiyo treni inapiga honi?"

"Njo ile ya honi natafuta."

"Ukirudi, pita nayo hapa kwanza."

Zamu yangu ikafika. Nikashika tumbo, nikakunja uso kwa ustadi wa miaka mingi, nikasema, "Hospitali."

Karani akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu nilivyovipiga rangi.

"Na we, unafuata treni ao samaki?"